Wayland au X11: ipi ya kutegemea kwa kazi za kila siku?

mlinzi_wa_sava: Wakuu, habari za kazi. Kuna mashine tatu za kupandisha toleo: laptopu ya Intel, dekstopu ya AMD yenye skrini mbili (60 Hz na 144 Hz), na dekstopu ya zamani yenye NVIDIA GTX 650. Kazi zake ni brauza, LibreOffice, mikutano ya kushea skrini, na skripti za xdotool zinazojaza fomu. Ubuntu 25.10 na Fedora 43 zimeshaondoa kikao cha GNOME (mazingira yao ya dekstopu) cha X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, zikabaki na mrithi wake, Wayland. Nihamie Wayland zote, au nibaki Ubuntu 24.04 yenye vikao vyote viwili?

Tarishi: Intel na AMD hamisha bila wasiwasi. Draiva zake zimo kwenye keneli na Mesa (maktaba huria ya michoro), hakuna cha kusakinisha. Tena hiyo ya skrini mbili ndiyo itakayofaidi zaidi. X11 huzichukua skrini zote kama turubai moja, kwa hiyo ile ya 144 Hz mara nyingi huburutwa na mwenzake wa 60 Hz. Wayland huchora kila skrini kwa mwendo wake na ukuzaji wake, moja 100%, nyingine 125%.

Kasoro iko kwenye programu za zamani zinazopitia Xwayland (daraja linaloendesha programu za X11 ndani ya Wayland): ukikuza 125% maandishi yake huwa na ukungu. Kuanzia GNOME 47 dawa ni hii:

`gsettings set org.gnome.mutter experimental-features "['scale-monitor-framebuffer','xwayland-native-scaling']"`

Ubuntu 24.04 ina GNOME 46, haitakusaidia hapo. Kwenye Plasma (dekstopu ya KDE), fungua mipangilio ya skrini uchague programu za X11 zijikuze zenyewe.

bi_keneli: Hiyo GTX 650 iache X11. Draiva yake ya mwisho ni ya tawi la 470, nayo haina GBM, njia ambayo kompozita za leo (programu zinazounganisha madirisha kuwa picha moja ya skrini) huitumia kuomba kumbukumbu ya kadi. NVIDIA waliileta kwenye 495, mwaka 2021. Nouveau (draiva huria ya kadi za NVIDIA) itakupa Wayland, ila usipoipandisha kwa mkono kadi hubaki kwenye kasi ndogo iliyowaka nayo.

Kadi mpya zaidi ni habari nyingine. Ile michezo ya madirisha kupepesa na kurudisha picha ya nyuma ilitokana na fremu kuonyeshwa kabla kadi haijamaliza kuichora. Ilitibiwa mwaka 2024 kwa draiva 555 pamoja na Xwayland 24.1 na Plasma 6.1. Ukiwa chini ya hapo, usilaumu Wayland kabla ya kupandisha toleo. Kisha hakiki:

`sudo cat /sys/module/nvidia_drm/parameters/modeset`

Jibu liwe Y. Likiwa N, andika `options nvidia_drm modeset=1` kwenye faili `/etc/modprobe.d/nvidia.conf`, endesha `sudo update-initramfs -u` (Fedora ni `sudo dracut --force`), uwashe upya.

Nahodha: Naafiki, ila mkuu asihamie bila kujua hili. GNOME ya X11 ikiganda, unabonyeza Alt+F2, unaandika r, gnome-shell (ganda la dekstopu) inaanza upya na programu zako zimesimama palepale. Kwenye Wayland, gnome-shell ndiyo sava ya skrini yenyewe. Ikianguka, inaanguka na kila kilichofunguliwa. Plasma 6 imepiga hatua, programu zilizojengwa kwa Qt 6 huweza kuokoka KWin (kompozita yake) ikianguka. LibreOffice hujihifadhi kila dakika 10. Ishushe hadi 2.

Tarishi: Kweli kabisa. Na kuhusu kushea skrini: picha hupita PipeWire (huduma ya kupitisha sauti na video) baada ya ruhusa ya xdg-desktop-portal, potali inayokuuliza kabla programu haijaona skrini. Ukiona giza tupu, anza hapa:

`systemctl --user status pipewire wireplumber xdg-desktop-portal`

Zote zikiwa hai, sababu huwa moja kati ya mbili. Ama potali ya dekstopu yako haijasakinishwa (GNOME inataka xdg-desktop-portal-gnome, Plasma -kde, kompozita ya Sway -wlr), ama programu ya mkutano inaendeshwa ndani ya Xwayland na haioni madirisha ya nje. Ya pili fungulia mkutano kwenye Firefox. Tangu toleo 121 hutumia Wayland yenyewe.

msuka_skripti: xdotool ndiyo itakayokukwamisha. Huona madirisha ya Xwayland pekee. ydotool huandika kupitia `/dev/uinput`, lakini lazima ydotoold iwe inaendeshwa, na haiwezi kutafuta dirisha kwa jina. Kwa fomu za brauza hamia Selenium au Playwright (zana za kuendesha brauza kwa skripti), hutategemea tena mahali kipanya kilipo. Kama unanakili na kubandika kwa xclip, badala yake ni wl-copy na wl-paste.

Kizuizi hiki cha programu kutogusa madirisha ya nyingine kina sababu nzito. Ukiwa X11 endesha `xinput test-xi2 --root`, kisha andika nywila kwenye dirisha lingine: kila kitufe kinaonekana, bila hata sudo. Mashine inayogusa fedha au taarifa za wateja haipaswi kuwa hivyo.

mlinzi_wa_sava: Asanteni sana. Basi GTX 650 inabaki 24.04 na X11, ina masasisho hadi 2029. Nitajuaje ni programu zipi bado zinapitia Xwayland?

bi_keneli: `echo $XDG_SESSION_TYPE` kwanza, ikuambie wayland. Kisha `xlsclients`, ambayo kwenye Ubuntu iko ndani ya pakiti ya x11-utils. Kila jina litakalotokea linapitia Xwayland. Programu zilizojengwa kwa Electron (jukwaa la kutengenezea programu za dekstopu kwa teknolojia ya wavuti) toleo 28 hadi 37 zianzishe na `ELECTRON_OZONE_PLATFORM_HINT=auto`, uzitazame tena kwenye orodha.