Kwa nini baadhi ya mikataba ya nishati kati ya serikali hudumu na mingine huishia kwenye makaratasi?

Msomaji wa Mikataba (muuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia makubaliano ambayo serikali hutiliana saini kuhusu umeme, mafuta na teknolojia ya nishati, na nimeona kwamba hati ni nyingi kuliko mitambo iliyotokana nazo. Viongozi hupeana mikono, hotuba husomwa, kisha miaka hupita pasipo hata nguzo moja kusimikwa. Hata hivyo ipo miradi iliyovuka mabadiliko ya serikali, madeni makubwa, hata uhasama baina ya washirika wenyewe, na umeme wake ungali unawafikia watu. Ninaomba wenye ujuzi wanifafanulie kinachoitofautisha miradi hiyo: ni fedha, ni ujirani mwema, au ni namna mkataba ulivyoandikwa? Aidha, je, kweli nchi inaweza kuirithisha nchi nyingine ujuzi wa nishati, au tunauziana mashine tu?

Wakili wa Mito

Ndugu muuliza swali, mimi ninaamini kwamba jambo la kwanza ni umiliki. Tazama bwawa la Itaipu katika Mto Paraná. Brazili na Paraguay zilitia saini mkataba wake mwaka 1973, zikakubaliana kuwa umeme ugawanywe nusu kwa nusu, na kwamba nchi isiyoweza kutumia fungu lake lote imwachie mwenzake alinunue. Gridi ya Paraguay hutumia masafa ya hezi 50, yaani mkondo wake hurudia mzunguko mara 50 kwa sekunde, ilhali ya Brazili hutumia hezi 60, na mgawanyo ule wa kwenye karatasi unaonekana hadi katika chuma: kati ya mashine 20 zenye uwezo wa megawati 700 kila moja, 10 huzunguka takriban mara 90.9 kwa dakika na 10 nyingine takriban mara 92.3. Umeme wa hezi 50 ambao Paraguay haiuhitaji hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu (DC), usio na masafa, husafirishwa kwa kilovolti 600 hadi karibu na São Paulo, na huko hugeuzwa tena uingie katika gridi ya Brazili. Washirika waliokwisha kujenga kwa namna hiyo hawaachani kwa urahisi.

Lakini nisiupambe mkataba huo kupita kiasi. Kwa miongo kadhaa Waparaguay walilalamika kwamba fungu lao lilinunuliwa kwa fidia ndogo mno, na haikuwa mpaka mwaka 2009 ambapo marais wa nchi hizo mbili walikubaliana fidia hiyo iongezwe mara tatu. Kiambatisho C, ambacho ndicho chenye masharti ya fedha, kiliwekewa muda wa kupitiwa upya baada ya miaka 50. Kwangu mimi, hilo ni kosa. Mtoto aliyezaliwa siku ya kutiwa saini huwa na wajukuu kabla bei haijajadiliwa upya.

Mchambuzi wa Gridi

Ninaunga mkono hoja ya umiliki, na ninaongeza mfano wa Mto Senegal. Mali, Mauritania na Senegal ziliunda shirika lao la pamoja mwaka 1972, na baadaye zikakubaliana kwamba mabwawa yanayojengwa kwa jina la shirika hilo ni mali yao wote isiyogawanyika, hata kama yamesimama katika ardhi ya mmoja wao. Bwawa la Manantali liko Mali, lakini umeme wake umegawanywa asilimia 52 kwa Mali, 33 kwa Senegal na 15 kwa Mauritania. Mwaka 1989 Senegal na Mauritania ziligombana vikali hadi mpaka ukafungwa, na bado shirika halikuvunjika.

Jambo la pili ni kuiandikia siku mbaya kabla haijafika. Shirika la Kimataifa la Nishati liliundwa mwaka 1974 baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, na nchi wanachama zinazoagiza mafuta zinatakiwa kuweka akiba inayolingana na siku 90 za uagizaji wao halisi. Kwa kuwa wajibu huo ulikwisha kukubaliwa, mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, wanachama waliweza kuamua mara mbili kutoa mafuta kutoka katika akiba zao, kwanza mapipa milioni 62.7, kisha milioni 120. Mazungumzo kama hayo yangeanzia sifuri wakati bei zinapanda, kila serikali ingeifungia akiba yake.

Fundi wa Vituo

Mimi nitajibu kuhusu teknolojia, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Niliwahi kufanya kazi katika kituo cha kupoozea umeme kilichojengwa kwa ushirikiano wa serikali mbili. Vifaa vilikuwa vizuri sana. Siku relei ya kinga ya transfoma, yaani kifaa cha kukata umeme hitilafu inapotokea, ilipoanza kukata umeme bila sababu tuliyoiona, tuligundua kwamba neno la siri la kufungulia mipangilio yake lilibaki kwa mkandarasi, ambaye alikuwa amekwisha kuondoka. Tulisubiri siku tisa barua zikienda na kurudi kati ya ofisi, huku transfoma nzima ikiwa imezimwa. Tulikuwa tumepokea mashine, hatukupokea mamlaka juu yake.

Hata hivyo ujuzi unaweza kuhamishwa, na ninaujua mfano mzuri. Tangu mwaka 1979 Iceland imekuwa ikiwafunza wataalamu wa jotoardhi, yaani nishati ya joto lililo chini ya ardhi, kutoka nchi nyingi kwa muda wa miezi sita, na Kenya ni miongoni mwa zilizopeleka watu wengi. Kiwanda cha kwanza cha jotoardhi cha Olkaria, Kenya, kilianza kufua umeme mwaka 1981, na leo kampuni ya umma ya Kenya, KenGen, imekwisha kuchimba visima vya jotoardhi nchini Ethiopia na Djibouti. Aliyefundishwa sasa anafanya kazi kwa majirani zake.

Msomaji wa Mikataba

Ninawashukuru sana. Ndugu Fundi, kama ungepewa nafasi ya kuandika kifungu kimoja ili tukio la relei lisijirudie, ungeandika nini?

Fundi wa Vituo

Ningeandika kwamba malipo ya mwisho yazuiliwe hadi wahandisi wa nchi inayopokea wakabidhiwe maneno ya siri yote na michoro ya kituo jinsi kilivyojengwa kweli, kisha wao wenyewe wazime kituo kizima na kukiwasha tena, mkandarasi akiwa amesimama pembeni bila kugusa kitu.