Fidla kwa anayeanza: je, tupitie gitaa kwanza?

MzaziMwanafunzi: Ndugu wanajamvi, binti yangu wa miaka minane anataka kujifunza fidla, nami, ambaye sijawahi kushika ala yoyote ya nyuzi, nimemwahidi kwamba tutajifunza pamoja. Rafiki yangu anashauri tuanze na gitaa kwa kuwa shingo yake ina vigawanyo vya chuma vinavyoonyesha pa kuweka vidole, ilhali shingo ya fidla ni tupu. Je, ushauri huo una uzito? Pia, fidla niliyoinunua jana haitoi sauti, kwani upinde unateleza tu juu ya nyuzi. Je, nimeuziwa kitu kibovu?

FundiNyuzi: Ndugu, huenda fidla yako ni nzima kabisa, ila upinde haujapakwa rozini, yaani kile kidonge cha utomvu wa msonobari. Singa za mkia wa farasi zilizofungwa kwenye upinde, zikiwa hazina rozini, haziushiki uzi. Zikishapakwa, huunasa uzi, huuvuta kidogo na kuuachia, na katika uzi wa A tendo hilo hujirudia takriban mara 440 kwa sekunde. Kidonge kipya huwa laini kama kioo, kwa hiyo kikwaruze kidogo kwa msasa mwembamba, kisha upitishe singa juu yake mara nyingi, polepole, hadi uone vumbi jeupe. Usiziguse singa kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi huziharibu, na kila umalizapo kupiga, ulegeze upinde.

MwalimuWaFidla: Gitaa ni ala nzuri, lakini halitamfundisha mtoto kazi ya mkono wa kulia, ambako ndiko ugumu wa fidla uliko. Anayetaka fidla aanze na fidla. Mimi huwaweka wanafunzi wangu wiki mbili kwenye nyuzi nne tupu, G, D, A na E, wakivuta upinde katikati ya kidaraja (kibao kinachoinua nyuzi) na mwisho wa ubao wa vidole, sambamba na kidaraja, mbele ya kioo ili waone unapopinda. Vidole vya kushoto husubiri, na vikishaanza, alama ndogo za karatasi kwenye shingo husaidia mpaka sikio lizoee.

Jambo moja linanitia wasiwasi: je, mnakusudia kutumia fidla moja? Mtoto anyooshe mkono wa kushoto huku ameiweka fidla begani. Kiganja kikishindwa kuzunguka kichwa cha ala bila kujikaza, fidla hiyo ni kubwa mno kwake. Wengi wa umri wake hutumia ya ukubwa wa 1/2, nawe ya 4/4, yaani ya ukubwa kamili.

NilianzaUkubwani: Naafikiana na Mwalimu kuhusu gitaa, ila wiki mbili za nyuzi tupu ni ndefu kwa mtoto. Mruhusuni adonoe nyimbo fupi kwa kidole, bila upinde, ili mkono wa kushoto na sikio vianze kazi mapema.

MzaziMwanafunzi: Nawashukuru sana. Nimepaka rozini na uzi wa A umelia, kwa mkwaruzo, lakini umelia. Tumepima pia: vidole vya binti yangu vinaishia kwenye vigingi vya kukazia nyuzi, havifiki kichwani, kwa hiyo hii itakuwa yangu, naye nitamtafutia ya kimo chake. Wakati tukisubiri, ameomba adonoe yangu ikiwa imelazwa mapajani.

MwalimuWaFidla: Mwache adonoe. Hakikisha tu nyuzi zimerekebishwa sauti kwanza, ili sikio lake lisizoee sauti isiyo sahihi.