Naombeni ushauri: mama anasahau, amepimwa kwa vidole

Wakuu habari, wakubwa shikamooni. Mama yangu ana miaka 74, tuko Tanga. Tangu mwaka jana anasahau sana: chumvi anatia mara mbili, jina la mjukuu anayelala naye linampotea.

Juzi daktari, katika kumpima ubongo, alimwambia agonge meza kwa kidole cha shahada, haraka awezavyo, sekunde 10, mkono mmoja kisha wa pili. Halafu ngumi, ubavu wa kiganja, kiganja wazi, arudie kwa mfuatano huo. Ngumi aliipata. Akapiga ngumi tena, akaniangalia. Mikono hiyo ndiyo iliyosuka ukili ikatusomesha, moyo uliniuma.

Mama hakwenda shule, kwa hiyo kumwambia achore saa au aandike sentensi kungekuwa kumwonea. Hapo nashukuru. Ila ana baridi yabisi, vidole vimevimba. Mtu anatofautishaje kidole kizito kwa maumivu na tatizo la ubongo? Hata Pakinsoni (ugonjwa wa kutetemeka) na kiharusi hupunguza kasi ya vidole.

Mliouguza wazazi, wenu walipimwa nini kingine? Tezi ya shingo, vitamini B12, picha ya kichwa? Nianze na kipi, maana pesa yenyewe ni ya kuungaunga?