Kodi ya mauzo kwenye kompyuta zinazonunuliwa mtandaoni Marekani: tunaonewa au tulizoea dezo?

MWANZISHA MADA (Vancouver, jimbo la Washington):
Wakuu habari za jioni, mwenzenu leo nimechefukwa ndo maana nimeileta hapa tuijadili. Binti yangu anaanza chuo mwezi ujao, nikamtafutia laptopu mtandaoni, bei imeandikwa dola 899, nikajipigia hesabu zangu, kufika mahali pa kulipa nakuta 978 na senti zake. Nikarudi nyuma nikidhani nimebonyeza waranti au lile begi wanalokuchomekea kila mara, kumbe hapana, kodi ya mauzo. Na muuzaji yuko New Jersey huko, hana hata kibanda hapa Washington! Nyumbani VAT imo humohumo kwenye bei, ukiambiwa laki tisa unatoa laki tisa, huku wanakushtua mwishoni kadi ukiwa umeshaichomoa.

Kwa ambao hamjui kisa chenyewe: mwaka 1992 kwenye kesi ya kampuni ya Quill na jimbo la North Dakota, Mahakama ya Juu ilisema duka lisilo na ofisi, ghala wala mfanyakazi ndani ya jimbo halilazimishwi kulikusanyia jimbo hilo kodi. Ndo raha tuliyokula miaka ile. Juni 2018 ikapinduliwa, jimbo la South Dakota dhidi ya duka la mtandaoni la Wayfair, majaji watano kwa wanne, na Newegg wauza kompyuta na vipuri nao walikuwemo kwenye kundi la walioshtakiwa. Leo kila jimbo lenye kodi ya mauzo lina sheria ya kuwabana wauzaji wa mbali, Missouri ndo ilichelewa mpaka 2023.

Sasa niambieni, hii ni haki?

MCHANGIAJI WA HOUSTON:
Pole mkuu ila mimi nasimama na serikali, na nina kidonda changu. Nina kaduka ka kompyuta, kuuza na kutengeneza. Kabla ya 2012 mteja anaingia, anapapasa kibodi, ananiuliza RAM inatosha au haitoshi, namweleza nusu saa nzima, halafu anapiga picha ile lebo ya modeli anasema ngoja nikaongee na mke wangu. Haongei na mke wala nani, anaenda kuagiza mtandaoni bila kodi na mimi hapa kwangu lazima nimkate asilimia 8.25. Kwenye mashine ya dola elfu moja hiyo ni 82 na nusu, faida yangu yenyewe haifiki hapo! Na akiiharibu analeta kwangu.

Texas ilishawahi kuwapelekea Amazon bili ya dola milioni 269 mwaka 2010, jamaa wakanuna wakasema wanafunga ghala lao la Irving, baadaye wakaelewana na wakaanza kukusanya Julai 2012. Sijasikia mtu ameacha kununua kwao kwa sababu hiyo. Bei nafuu ni sawa, ila unafuu wa kutolipa kodi si ujanja wa biashara.

Halafu nikukumbushe kitu ambacho wengi hamtaki kusikia, hilo deni halikuanza 2018. Duka lisipokukata, mnunuzi mwenyewe unadaiwa, inaitwa kodi ya matumizi, ipo toka zamani sana. Tulikuwa hatulipi tu kwa sababu hakuna aliyekuwa anafuatilia laptopu ya mtu chumbani kwake.

MCHANGIAJI WA MINNEAPOLIS:
Hapo kwa maduka makubwa sina neno, lakini nyinyi mnasahau sisi wa chini. Mimi huuza waya na chaja za laptopu kwa saiti yangu, naketi mezani jikoni nafunga paketi watoto wakilala. Sheria ya South Dakota ilisema ukiuza zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka kwa hilo jimbo AMA ukifikisha mauzo 200 basi uanze kukusanya, majimbo mengi yakainakili hivyo hivyo. Sasa piga hesabu, chaja ya dola 15 mara 200 ni dola 3,000. Elfu tatu mzima! Kwa hiyo pesa ati niwe wakala wa kodi wa jimbo ambalo sijawahi kanyaga, nijaze fomu zao, na nchi hii ina zaidi ya mamlaka 10,000 za kodi ya mauzo, kaunti hii ina yake na mji ulio ndani yake una yake. Jaji Roberts aliyepinga ile hukumu alilitaja hilo la mzigo kwa wadogo.

Kusema ukweli wameanza kulegeza, South Dakota wenyewe waliondoa hiyo ya mauzo 200 mwaka 2023, na Texas na California waliweka dola 500,000. Hiyo naielewa. Na ukiuzia ndani ya soko kubwa la mtandaoni soko lenyewe ndilo linakata. Lakini mwenye saiti yake anateseka, kwa hivyo msiseme tu "walipe".

MCHANGIAJI WA NASHVILLE:
Mwanzisha mada ungeishi kwetu ungesubiri wikendi ya mwisho ya Julai. Tennessee siku hizo tatu kompyuta ya dola 1,500 kushuka chini haikatwi kodi, hata ukiagiza mtandaoni. Mimi ndo nilivyowanunulia wanangu wawili. Ila angalia, monitor ukiinunua peke yake inakatwa, lazima ije na kompyuta yake, mie nilijifunza kwa machungu.

MCHANGIAJI WA DELAWARE:
Sisi hatuna kodi ya mauzo kabisa, sawa na Oregon, Montana, New Hampshire na Alaska (ila Alaska miji mingine inatoza yake). Ndo maana kampuni nyingi za kutuma mizigo zimeweka maghala huku, jamaa wa Nairobi anaagiza laptopu inashukia Delaware, haikatwi kitu, maana kodi inafuata mzigo unaposhukia na si muuzaji anapokaa. Akifurahi sana namkumbusha, ikitua JKIA kuna VAT ya asilimia 16 inamsubiri.

MWANZISHA MADA:
Nimewasoma wote. Ndugu wa Houston umenibana, nakubali, duka la mbali likwepe na la jirani likatwe haikai sawa. Basi nabadilisha malalamiko yangu. Hapa Washington chakula cha kupikia nyumbani hakikatwi kodi ya mauzo, dawa za cheti hazikatwi, kwa kuwa ni vitu mtu hawezi kuishi bila hivyo. Sasa binti anaomba chuo kwenye kompyuta, anajaza fomu za msaada wa ada kwenye kompyuta, kazi za darasani anatuma kwa kompyuta. Hiyo ni anasa? Na jimbo hili halina kodi ya mshahara, kwa hiyo fundi bomba na tajiri kwenye ile laptopu ya 899 wanakatwa sawasawa, mmoja anaumia mwingine hata haoni.

MCHANGIAJI WA MINNEAPOLIS:
Kwani si wewe uko Vancouver? Daraja la Portland si hilo hapo, Oregon hakuna kodi. Vuka.

MWANZISHA MADA:
Wee, dakika kumi kama hakuna foleni, na ukifika yale maduka ya upande wa pili wa mto utaona namba za magari za Washington zimejaa parkingi Jumamosi nzima. Ila sheria inasema ukiivusha kuja kuitumia huku unadaiwa ile ile kodi ya matumizi, ukajaze fomu mwenyewe. Mwenye kuwahi kuijaza hapa anyooshe mkono.

MCHANGIAJI WA HOUSTON:
Mimi wa Texas nimeijaza, ya duka.

MWANZISHA MADA:
Ya duka haihesabiki mkuu, wewe una mhasibu. Nauliza ya laptopu ya mtoto.