Hizi ndimi za Mirihi ni barafu au maporomoko ya udongo?

Muuza Barafu, Malindi
Assalam aleikum wenzangu. Nina picha ya sayari ya Mirihi kwenye simu, ya eneo la majabali liitwalo Deuteronilus Mensae, siku ya tatu hii siachi kuitazama. Chini ya majabali udongo umetambaa hadi bondeni ukafanya umbo la ulimi, na mgongoni pana mistari kama ya uji mzito uliomwagwa. Maelezo yanasema ni mto wa barafu. Mimi huu mwaka wa 11 nawauzia wavuvi barafu, na hapo naona udongo mtupu. Kule Marafa mvua ikipiga, kuta za korongo la Nyari huporomoka na kifusi kikakaa vivi hivi. Wametofautisha vipi?

Mwalimu wa Jiografia, Lamu
Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Una haki ya kushuku, maana umbo peke yake halitoshi. Maporomoko nayo hufanya ndimi, na kwenye Valles Marineris, korongo kubwa la Mirihi, yapo makubwa ajabu. Wewe ifuate hiyo mistari. Penye njia nyembamba inabanana, ikikuta kilima inakizunguka. Kitu hicho kilitambaa polepole, miaka na miaka. Kifusi cha Nyari hushuka mara moja kikatulia.

Lililokata shauri ni rada. Mwaka 2008 zilitangazwa habari za SHARAD, rada iliyo kwenye chombo cha Mars Reconnaissance Orbiter, ilivyopima ndimi kama hizi mashariki ya bonde la Hellas. Mawimbi yalipenya mamia ya mita, yakagonga sakafu, yakarudi na nguvu zake, kwa mwendo ule ule yanaokwenda nao ndani ya barafu. Deuteronilus nako yakaonekana hayo hayo mwaka 2009.

Huioni kwa sababu imefunikwa mawe na vumbi. Shinikizo la hewa huko halifiki asilimia 1 ya letu. Barafu ikikaa wazi sehemu hizo hugeuka mvuke bila kuwa maji kwanza.

Binti Pate
Na barafu ilifikaje huko, mbali na ncha za kaskazini na kusini za sayari? Mhimili wa Mirihi leo umeinama nyuzi 25 hivi, lakini sayari hiyo haina mwezi mkubwa wa kuituliza, kwa hiyo zamani iliwahi kulala zaidi. Barafu ya nchani ikapata jua, ikawa mvuke, ikaanguka theluji kwengine.

Muuza Barafu, Malindi
Shukran sana, mwalimu, nawe dada. Leo alfajiri nimeweka mabonge mawili kivulini, moja wazi, moja chini ya unga wa mbao. Kufika adhuhuri la wazi limekwisha. La pili lipo, ila unga umedidimia katikati, ukapasuka nyufa za mviringo zinazofuata ukingo. Huko kuna nyufa kama hizi?

Mwalimu wa Jiografia, Lamu
Zipo! Kreta nyingi, yaani mashimo yaliyochimbwa na vimondo, za sehemu hizo zina mikunjo ya mviringo ndani, na pengine uso umejikunja kama ubongo. Wengi wanaona ni barafu iliyopungua chini ya kifusi. Tafadhali lipige picha bonge lako kabla hujalifunua.