Kiganja kimelegea baada ya usingizi: neva, shingo au kiharusi?

Mwanafunzi wa Utabibu, Mtwara
Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa pili, mazoezini wilayani. Amekuja babu mmoja, mlinzi wa ghala la korosho. Alisinzia kwenye benchi, mkono wa kulia ameupitisha nyuma ya egemeo. Kuamka alfajiri, kiganja hakinyanyuki. Nikampa vidole vyangu avikaze, mshiko nikauona dhaifu, nikaandika kiharusi na kumwambia hivyo hivyo. Babu alilia. Mkubwa wangu akalifuta lile neno, akaniambia nikampime upya. C5 hadi T1, neva za uti wa mgongo zinazolisha mkono, nimezikariri zote, ila mbele ya mgonjwa sijui nianzie wapi.

Mama Fizio, Lindi
Marahaba mwanangu. Mshiko ndio uliokupoteza. Jaribu mwenyewe sasa hivi: kunja kifundo cha mkono kuelekea chini mpaka mwisho, halafu kaza ngumi. Umeona? Nguvu hakuna, na neva zako ni nzima. Kwa hiyo mlaze mkono mezani kwanza, kifundo kinyooke, ndipo umwambie atanue vidole. Vikitanuka vizuri, alna, neva inayotanua vidole, iko salama.

Kisha anyooshe kiwiko wewe ukimzuia. Halafu akikunje, dole gumba likitazama juu, na uangalie msuli wa kigasha upande wa dole gumba. Kiwiko kikinyooka kwa nguvu lakini msuli ule hauvimbi, si kiharusi wala shingo: ni radiali, neva inayonyanyua kifundo, imebanwa inapozunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu. Ingekuwa C7 shingoni, kunyoosha kiwiko ndiko kungelegea, na msuli ule ungebaki na nguvu kwa sababu unalishwa na C5 na C6. Ganzi ya radiali iulize mgongoni mwa kiganja, kati ya dole gumba na shahada.

Tabibu mstaafu, Masasi
Nyongeza. Huku kwetu kila mkono mpapase nyuma ya kiwiko. Alna ikiwa nene kama kamba, mvue shati utafute baka lisilo na hisia. Ukoma upo bado, na dawa zake ni bure. Na aliyeanguka mnazi bega likateguka, pima ganzi ya ubavuni mwa bega *kabla* ya kulirudisha, uandike.

Mwanafunzi wa Utabibu, Mtwara
Nimetoka kwake. Nimemlaza mkono juu ya meza ya dawa, vidole vikatanuka vyote. Kiwiko kimenisukuma. Msuli wa kigasha kimya, ganzi pale pale mliposema. Tumemfunga gango la kunyanyua kifundo. Nilipomwambia si kiharusi, na kwamba wengi hupona ndani ya wiki kadhaa, aliniomba nirudie kwa sauti mkewe asikie.