Hati ya nyumba ina jina la marehemu, na arbuni nimekwisha kulipa

Mnunuzi Mgeni:
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Ninanunua nyumba kwa mara ya kwanza, na mambo yalikwenda vizuri hadi wakili wangu alipofanya upekuzi kwa msajili wa ardhi. Hati haina jina la mtu niliyesaini naye mkataba wa mauziano, bali la baba yake, ambaye amefariki, na juu yake kuna rehani ya benki ambayo muuzaji anadai ililipwa zamani. Muuzaji anasema kwamba yeye ndiye mtoto mkubwa na kwamba ndugu zake wote wana habari. Dalali naye ananihimiza nimalizie salio kabla hajatokea mteja mwingine, mengine yafuatiliwe baadaye. Wakili wangu anataka tusubiri, ila hasemi hadi lini, na mkopo wangu umeidhinishwa kwa muda ambao unakaribia kwisha. Je, nijitoe?

Karani wa Hati:
Salio lisitoke mkononi mwako kwa sasa. Kuwa mtoto mkubwa hakumpi mtu mamlaka ya kuuza mali ya marehemu. Mamlaka hayo huwa kwa msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa kisheria, na hata yeye mara nyingi huhitaji ridhaa ya warithi. Kauli ya kwamba ndugu wana habari haina uzito wowote. Mrithi mmoja ambaye hakushirikishwa, au aliye na umri mdogo, anaweza kuupinga uuzaji huo wakati wewe umekwisha kuhamia na kupaka rangi.

Rehani hainitishi sana. Kumaliza deni ni jambo moja, na kuifuta rehani katika daftari la msajili ni jambo jingine. Wengi hulipa rejesho la mwisho wakadhani wamemaliza, kumbe benki haijatoa waraka wa kuifuta, au imeutoa ukabaki kabatini. Dai waraka huo wenyewe. Risiti za malipo hazitoshi.

Mzee wa Mikataba:
Kabla ya kuuliza kama ujitoe, tuambie arbuni iko wapi. Iko katika akaunti ya wateja ya wakili, au muuzaji ameshaichukua? Na mkataba unasemaje kuhusu umiliki wa nyumba?

Mnunuzi Mgeni:
Inashikiliwa na wakili wa muuzaji. Mkataba unasema kuwa muuzaji "ndiye mmiliki pekee na nyumba haina deni wala mgogoro."

Mzee wa Mikataba:
Basi hali yako ni nafuu kuliko nilivyodhani. Kwa kawaida mnunuzi anayejitoa hupoteza arbuni, lakini hapa aliyetoa maelezo yasiyo ya kweli ni muuzaji, na kipengele hicho ndicho utakachosimamia ukitaka fedha zako zirudi. Wakili wako amwandikie wakili wa muuzaji leo, amweleze kasoro zote mbili, na amtake aendelee kuishikilia arbuni bila kuitoa kwa yeyote hadi suala hili litatuliwe.

Kama bado unaitaka nyumba, subira yako iwe na masharti: msimamizi wa mirathi athibitishwe na asaini mwenyewe, warithi waridhie kwa maandishi, rehani ifutwe, na salio lilipwe pale tu umiliki unapoweza kuhamishiwa kwako. Mirathi huweza kuchukua miezi, na ikiwa na mzozo, miaka. Kwa hiyo iombe benki yako mapema ikuongezee muda, wala usingoje siku ya mwisho. Muulize pia wakili kama unaweza kuweka zuio kwa msajili, yaani kuomba nyumba isihamishiwe mtu mwingine kwanza, kwa sababu mkataba uliosainiwa na mtu asiye na mamlaka huenda usitoshe kukupa haki hiyo.

Kuhusu "hadi lini", mkubaliane tarehe ambayo ikipita utarudishiwa arbuni yote, na iandikwe katika nyongeza ya mkataba yenye saini za pande zote mbili, si katika ujumbe wa simu wa dalali.